Kabari Thelathini

Ukimwuliza mtu reli imeshikwa na nini, atakwambia misumari. Akiwa mjuaji kidogo atasema parafujo. Mimi hukasirika, ingawa najua si jambo la kumkasirikia mtu. Reli za miwa zilizokuwa zikipita huku kwetu, bara kidogo ya Msambweni ukielekea Kikoneni, hazikuwa na msumari hata mmoja. Zilishikwa na kabari.

Mataruma yake, yale yanayolala chini ya reli, hayakuwa ya mbao. Mchwa wa huku wasingeuacha ubao ulale ardhini miaka miwili. Yalikuwa ya chuma, kila taruma ni bati nene lililokunjwa kama hori la ng'ombe, kisha likafudikizwa. Mgongoni mwake, pale reli inapokaa, palikuwa na ndimi mbili za chuma zilizoinuka zikatazamana. Reli husimama katikati ya ndimi hizo. Katika nafasi inayobaki kati ya ulimi mmoja na wayo wa reli, sehemu yake pana ya chini, huingia kabari, kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Unaichomeka ncha, unaipiga nyundo, inabana. Basi. Hakuna nati, hakuna moto. Na kwa kuwa hakuna zaidi ya hapo, hulegea. Gari la miwa likipita reli hutikisika, jua likiwaka chuma hutanuka, kukipoa hunywea, na kabari inajirudisha nyuma kidogo kidogo mpaka siku moja unaikuta imelala majanini.

Kwa hiyo ni lazima awepo mtu wa kuzifuata, na mtu huyo alikuwa baba yangu. Kazi yake yote katika kiwanda cha sukari ilikuwa kutembea juu ya reli tangu asubuhi na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga kabari moja baada ya nyingine na kusikiliza. Iliyokaza hujibu ngee, ikaendelea kulia kidogo hata nyundo ikishaondoka. Iliyolegea husema dap, ikanyamaza. Akisikia dap husimama, huinama, huipiga mara tatu, huigonga tena kuhakikisha, kisha huendelea na safari. Akifika mwisho wa sehemu yake jioni, kesho yake anaanza upya. Wenzake waliokuwa wakiendesha garimoshi walikuwa wakimtania kwamba yeye ndiye mfanyakazi pekee asiyemaliza kazi yake. Baba alikuwa akicheka. Nadhani alilichukua lile kama sifa.

Mimi sikurithi chochote katika hayo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana yangu kando ya barabara kuu ya Msambweni, natengeneza mageti na nondo za madirisha, mengi yake ya nyumba za wageni kule Diani. Napenda kumaliza. Geti likishatoka karakanani limepakwa rangi yake ya fedha, nalisahau, naliendea jingine. Mtu akiniletea kazi ya kukarabati roho hunisinyaa. Baba alinijua hivyo, na mara moja alipokuja karakanani alilizunguka geti nililolionea fahari sana, akaligonga kwa kidole, akasema, "Zuri. Sasa hili likiumwa, nani atajua?" Nilikasirika siku nzima.

Kiwanda kilipofungwa nilikuwa bado mdogo sana, sijaanza shule. Reli ziling'olewa, zikakatwakatwa, zikapakiwa kwenye malori. Kabla hazijaisha, baba alimwomba msimamizi reli mbili fupi na mataruma kumi na tano, na msimamizi, ambaye naye alikuwa anafunga mizigo yake, akamwambia achukue. Akavijengea daraja.

Kati ya mji wetu, zile nyumba zetu chache, na njia ya kwendea barabarani kuna kijito. Kiangazi unakivuka kwa kuruka. Masika kinajaa, kingo zinakuwa utelezi mtupu, na watu wa upande wetu walikuwa wakizunguka mbali sana. Baba alizilaza reli mbili kutoka ukingo hadi ukingo, lakini alizilaza chali, wayo juu. Kisha akayageuza na mataruma, ndimi zikatazama chini zikaushika wayo, na lile hori likabaki wazi kuelekea mbinguni. Akayajaza changarawe na udongo wa mchwa, akashindilia. Ukivuka unakanyaga udongo, unasahau kabisa kwamba umebebwa na njia ya garimoshi iliyopinduliwa. Kila taruma lilishikwa na kabari mbili, moja kila reli. Kumi na tano mara mbili, thelathini. Zote ziko chini, juu ya maji, hivi kwamba ukitaka kuzigonga huna budi kushuka ukingo na kusimama ndani ya kijito.

Kila asubuhi baba alishuka.

Nimekua na sauti hiyo. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai, mtu aliye katika mji wetu husikia ngee thelathini kutoka kijitoni, pole pole, bila haraka. Au tuseme ishirini na tisa, kwa sababu karibu kila siku kulikuwa na dap moja. Hapo hunyamaza kidogo, halafu mapigo matatu, halafu ngee ya kuhakikisha, na safari inaendelea. Akirudi huosha miguu, hukaa kwenye mkeka mbele ya mahamri na mbaazi, na kutoa taarifa.

"Leo ilikuwa ya nne kulia," angesema.

"Lo!" mama angesema, akimmiminia chai. "Ya nne tena?"

"Pikipiki hizi. Vijana hawa wapita mbio na mizigo, wadhani chuma hakichoki."

"Hawana adabu."

Nilipokuwa mtu mzima, nina mke na watoto katika mji huo huo wa wazee wangu, mazungumzo hayo yalikuwa hayajabadilika ila namba tu. Leo ya nne kulia, kesho ya kumi na moja kushoto. Mimi nilikuwa nikiyasikiliza huku nikifunga kofia ya pikipiki, nikijiambia kwamba binadamu wanaweza kuzungumza jambo moja miaka thelathini na wasichoke. Nilimwonea huruma mama.

Masika ya mwaka juzi baba aliteleza. Alirudi kijitoni amelowa mpaka kifuani, kiwiko kimechunika, kofia yake ya kufuma imechukuliwa na maji. Alikaa kibarazani akitetemeka, amekasirikia kofia kuliko kiwiko. Miaka yake sabini na kitu niliiona yote kwa mara moja siku ile, na niliogopa.

"Baba, tafadhali, acha sasa," nilimwambia. "Niache mimi nizichomelee kabari zote. Siku moja tu. Hazitalegea mpaka kiyama."

"Una mageti ya watu," alisema.

"Mageti yatangoja."

"Usiwangojeshe watu."

Alilifunga hivyo. Hakusema hapana, na mimi ni mtu ambaye asipoambiwa hapana hujihesabu ameambiwa ndiyo.

Baada ya wiki chache akaalikwa harusi huko Majoreni, kwa jamaa zake, siku nne. Alipopanda gari tu nilileta jenereta kutoka karakanani, nikashuka kijitoni. Nilifanya kazi ile kutwa nzima, nimelala chali juu ya ubao ndani ya maji, cheche zikinidondokea shingoni. Nilizichomelea zote thelathini, kila moja kwa ulimi wake na kwa reli yake. Nikasafisha kwa brashi ya waya, nikapaka ile rangi yangu ya fedha. Nilipomaliza nilisimama mbali kidogo nikalitazama daraja kwa chini, nalo lilikuwa linameta kama mlango wa benki. Nasema kweli, nilijiona mwana mwema.

Saa ya alasiri mama alikuja na beseni lake. Kila alasiri alikuwa akienda kijitoni kuchuma mchicha na mnavu unaoota kandokando, ni desturi yake tangu niwe na akili. Alisimama ukingoni akanitazama, kisha akazitazama kabari.

"Umezichomelea zote?"

"Zote."

"Hata moja hukuacha?"

"Hata moja, mama."

"Haya, mwanangu," akasema, akageuka, akarudi nyumbani na beseni tupu. Nilidhani amechoka. Usiku ule chakula changu kilikuja kwa mkono wa mtoto, yeye mwenyewe hakutokea, na bado nilidhani amechoka.

Baba alirudi kutoka Majoreni jioni. Asubuhi yake alishuka kama kawaida. Nilikuwa kibarazani nasikiliza kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Ngee, ngee, ngee, zote sauti moja. Alipofika ya sita akaacha. Alipanda, akaosha miguu, akaja mkekani.

"Kazi safi," alinambia.

Katika maisha yangu yote hakuwa amewahi kuniambia neno hilo. Nilifurahi, nikawatajia na wateja wawili karakanani kwamba mzee wangu ameikubali kazi yangu, na mzee wangu hapendi kazi ya mtu.

Kesho yake hakushuka. Wala kesho kutwa. Nyundo ilisimama nyuma ya mlango, na mimi nikajipongeza: anapumzika sasa. Lakini hakuwa anapumzika. Aliamka alfajiri, akasali, akarudi kitandani akageukia ukuta. Chai ikapoa, ikafunikwa, ikamwagwa. Ndevu alizokuwa akizichonga kila Alhamisi zikaota zilivyotaka. Alianza kuuliza leo ni siku gani, na akijibiwa hakuonekana kulihitaji jibu. Alikuwa akikonda mbele ya macho yetu. Nilimpeleka kwa daktari, akapimwa damu, akapimwa mkojo, akasikilizwa kifua. Daktari akasema mzee ni mzima, umri tu, mpe matunda. Tukampa matunda. Yalikaa kwenye sahani mpaka yakazungukwa na vijidudu.

Nilimwonea hasira, lazima niseme. Niliona anadeka. Nimemwondolea mzigo, nimemwokoa na maji, na malipo yangu ni mgongo wake. Asubuhi moja niliingia chumbani jua limeshapanda, nikafungua dirisha kwa kishindo.

"Baba, inuka basi! Watu wako kazini!"

Hakugeuka. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua, "Kwani kuna nini?"

Nililirudishia dirisha taratibu.

Nilitoka nikamkuta mama jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi. Nilimwambia baba atakufa. Sikukusudia kulisema, lilinitoka. Mama aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa cheusi ndani, akakiweka chini.

"Atakufa, ndiyo," alisema. "Alishawahi kutaka kufa namna hii hii. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki."

Ndipo akanieleza. Kiwanda kilipofungwa, baba alilala. Miezi mitatu alilala, amegeukia ukuta huo huo. Mama alimwendea siku moja akamwambia hawezi tena kuzunguka mbali kwenda barabarani na mtoto mgongoni, na kama yeye ni mwanamume amjengee daraja. Baba aliinuka, akaomba zile reli, akajenga. Wiki tatu alikuwa mtu. Daraja likaisha, watu wakalisifu, na asubuhi ya pili akarudi kitandani.

"Sasa nitamwambia ajenge nini tena?" mama alisema. "Nikachukua mchi wangu wa chuma, ule wa kutwangia tangawizi, nikaufunga kwenye leso. Alasiri nikashuka kuchuma mchicha. Nikaipiga kabari moja upande mwembamba, mara mbili tu, ikarudi nyuma. Asubuhi nikamwambia, mume wangu, nimepita darajani, nimesikia kitu kinacheza. Akaenda. Akakuta kweli."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nikalegeza nyingine."

Nilimtazama mama yangu. Nilifanya hesabu ya miaka kichwani nikashindwa kuimaliza.

"Kila siku?"

"Nikiwa na homa sikwenda. Nilipojifungua wadogo zako sikwenda." Alikung'uta chicha mikononi. "Wewe waamini kwamba pikipiki inaweza kulegeza chuma kile? Labda mara moja kwa mwaka. Mwanangu, wewe ulilimaliza daraja. Mimi miaka yote hii nalizuia lisimalizike."

Niliona aibu. Kwa mara ya kwanza niliisikia ile "Kazi safi" kama ilivyosemwa.

Nilikwenda kijitoni nikiwa sijui nitafanya nini. Siwezi kumwambia baba nimekosa bila kumtaja mama. Nikashuka, nikapiga magoti majini, nikachungulia kazi yangu. Na hapo Mungu akanisaidia kwa njia ambayo fundi hapendi kusaidiwa. Mbili kati ya zile nilizochomelea zilikuwa zimepasuka. Ufa mwembamba kama unywele, pembeni kabisa mwa mchomo, pale ulipogusana na reli. Chuma cha reli ni kigumu, si kama nondo za madirisha. Ukikichomelea lazima kwanza ukipashe moto polepole, na ukimaliza ukifunike kipoe polepole. Mimi nilikijua hicho kitu. Ila nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla baba hajarudi harusini, na chini yangu maji baridi yalikuwa yanapita. Siku nyingine yoyote ningeuficha ufa ule kwa rangi. Siku ile nilicheka peke yangu kijitoni.

Nilirudi nikaingia chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, nimeharibu daraja."

Mgongo ulitulia.

"Mchomo umepasuka. Mbili zimeshatoa ufa, na zilizobaki siziamini. Itabidi nizikate zote. Ila nikizikata na kabari zitakatika, na kabari sina, na wala sijui zinauzwa wapi siku hizi."

Kuku alipita mlangoni, akatuchungulia, akaenda zake.

"Haziuzwi," baba alisema kwa ukuta. Halafu akageuka. "Chini ya kitanda kuna gunia."

Nililivuta. Lilikuwa zito kiasi cha kuchubua sakafu. Ndani yake kabari, zimepakwa mafuta, zimefungwa kumi kumi kwa ukanda wa ukindu. Miaka yote lilikuwa pale, sikujua. Baba alikuwa ameshakaa kitako, anatafuta ndara kwa nyayo, na alipozikosa akatoka bila ndara.

Nilikata siku mbili. Alisimama ukingoni akinitazama na ndevu zake zilizoota, hakunilaumu hata mara moja, jambo ambalo lilinichoma kuliko lawama. Nilipomaliza alishuka mwenyewe. Nilimpa mkono akaukataa, nikaukunja nikaushikilia nyuma yake bila kumgusa. Alizipiga thelathini, moja baada ya moja, na mimi kazi yangu ilikuwa kumpokeza. Alipoipiga ya mwisho alirudi mwanzo akazigonga zote tena kwa kusikiliza. Nami nilisimama ndani ya maji nikasikiliza, na kwa mara ya kwanza nikayasikia yale aliyokuwa akiyasikia yeye: kwamba kila moja ina sauti yake, ya saba nyembamba kidogo, ya kumi na mbili kama imeziba pua. Zilipochomelewa zote zilikuwa zinalia sawa.

Siku ile alikula sahani mbili. Alasiri mama alichukua beseni lake akaenda kuchuma mchicha. Asubuhi nikasikia dap, na mkekani nikasikia, "Ya tisa kulia," na mama akasema, "Lo!" Nilizamisha uso kwenye kikombe.

Tukaishi hivyo, na sikutamani zaidi. Nilifunga kamba nene kwenye ukingo ili baba apate kushikilia anaposhuka. Hakuisemea kitu, lakini niliona inachakaa, kwa hiyo aliishika.

Mwaka huu, siku chache baada ya Maulidi, mama aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa ameketi, jambo ambalo si la kawaida yake saa ya alasiri, na mguu wake wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda. Alinipa kitu kilichofungwa kwenye leso, kizito. Sikuhitaji kukifungua.

"Nyonga," alisema. "Nashuka, lakini kupanda nashindwa. Juzi nilikaa kule chini mpaka karibu na magharibi, nangoja maumivu yapungue. Baba yako asijue. Akijua ataanza kunitazama mimi badala ya daraja."

"Twende hospitali, mama."

"Tutakwenda. Lakini hiyo ya leo haingoji." Akaniinulia kidole. "Mara mbili tu, upande mwembamba. Wewe una mkono wa nguvu, usije ukaing'oa. Na usirudie ya jana, wala ya juzi. Jana ilikuwa ya pili kulia."

Nilikwenda na mchi wa tangawizi kijitoni, mimi, fundi mwenye karakana. Nilichagua ya sita kushoto. Pigo la kwanza halikufanya kitu kwa sababu nilikuwa naogopa. La pili nililipiga kama fundi, kabari ikachomoka ikazama. Niliitafuta kwa vidole kwenye matope nikaipata, nikaisuuza, nikairudisha mahali pake, nikaibana kidogo kwa mkono ili ionekane imelegea yenyewe. Niliigonga kwa ukucha. Ilisema dap. Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka kiunoni nikiwa na furaha ya mwizi.

Asubuhi nilijifanya natengeneza mnyororo wa pikipiki uani. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko anamenya mihogo, mguu umenyooka mbele yake. Hatukutazamana. Kutoka kijitoni ngee zikaanza, kwanza upande wa kulia zote kumi na tano, halafu akavuka upande wa pili. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Dap.

Kikaja kile kimya cha kawaida. Nikangoja mapigo matatu. Kimya kikaendelea. Kijito hakina kina cha kuogopesha wakati huu wa mwaka, lakini nilikuwa nimeshaweka spana chini, nimeshainuka, nilipomwona anakuja njiani. Alitembea polepole, nyundo begani, matope mpaka kwenye ugoko. Alinipita. Hakwenda kwenye ndoo kuosha miguu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa jiko, akakaa kwenye kizingiti kando ya mama, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa, akaiweka nyundo chini.

"Kabari ya leo si mkono wako," alimwambia. "Mguu umeanza kukuuma lini?"

Mama alisimamisha kisu. Alinitazama, na mimi nikautazama mnyororo wa pikipiki. Miaka yote ile nilikuwa nimewahurumia wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

"Tangu mfungo tano, kabla ya Maulidi," mama alisema.

Baba alitikisa kichwa. Aliuinua ule mguu kwa mikono yake yenye matope, akauweka mapajani mwake, akaubonyeza bonyeza nyongani kuja gotini, akisikiliza anapogutuka. Mama alimwachia. Walikaa hivyo kitambo, mihogo ikipigwa na inzi.

"Basi usishuke tena," alisema mwishowe. "Jioni nitailegeza mwenyewe."

Akaurudisha mguu juu ya kigoda taratibu, akachukua nyundo yake, akarudi kijitoni, kwa sababu ya sita kushoto ilikuwa bado haijakazwa.